Meno ya Mji Mzima

Tangazo rasmi. Kwa masikitiko makubwa, ukoo wa Chunusi, ukishirikiana na familia za Vipele, Mabaka, Makunyanzi na Nywele Zilizosimama Bila Ruhusa, unawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba maangamizi bado yanaendelea. Mtuhumiwa ni mwanamume wa makamo, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi sikioni, na hujificha katika chumba cha nyuma cha studio ya picha, mlango unaofuata duka la mazulia. Ameua wengi. Haui kwa chuki. Anaua kwa kalamu ya plastiki huku akipiga mluzi, na akimaliza anakunywa chai. Mazishi hayatakuwepo, kwa kuwa hakuna mwili hata mmoja uliopatikana. Rambirambi zisipelekwe kwake, ataondoa machozi kwenye uso wako.

Watu walimwita Dokta Chunusi. Jina lake halisi lilikuwepo mahali, pengine kwenye kitambulisho, lakini picha ya kitambulisho hicho aliisafisha mwenyewe kwa upendo mkubwa, hata siku moja askari wa getini benki akamwuliza kwa nini anatembea na kitambulisho cha mdogo wake.

Mbele ya studio ndipo palipokuwa na Bosi. Bosi alikuwa mwanamke mpana, mpiga picha tangu ujana, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kusimama. Akikuambia "Cheka!" unacheka, maana usipocheka hujui litakalofuata. Akishapiga, picha zilivuka pazia zikaingia chumba cha nyuma, na huko ndiko uso wa mtu ulikoamuliwa. Kuta za chumba hicho zilipakwa kijivu, kwa sababu ukuta mwekundu humdanganya fundi akaona kila mteja ana homa. Kioo cha kompyuta kilizungushiwa katoni ya sabuni ili mwanga wa dirishani usikifikie. Hapo ndipo Dokta alipokaa, akichezesha kalamu yake juu ya kibao cheusi kama mtu anayemkuna paka mgongo.

Alikuwa hodari. Hilo hata adui zake, yaani chunusi, wangekiri. Alianza zamani za filamu, akichora kwa penseli iliyochongwa kama sindano juu ya negativu, na kompyuta zilipokuja alihama nazo bila kulalamika. Picha aliipanga tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayetandika mashuka kitandani. La chini kabisa lilikuwa picha yenyewe, hilo haligusi. Juu yake likaja tabaka la rangi ya ngozi peke yake, na jingine la vinyweleo na vitundu vyake peke yake, ili akilainisha baka lisilopendeza, ngozi isigeuke plastiki ya ndoo. Tena alikuwa na tabaka la kuchota mwanga, ambamo aliuongeza chini ya macho tone kwa tone, na kuupunguza kando ya pua mpaka pua ikapata heshima.

Tatizo la mkono wake lilikuwa moja tu: haukujua kusimama. Uliwapa shingo watu ambao Mungu hakuwapangia shingo. Bwana harusi mmoja aliomba apunguziwe kitambi, Dokta akakipunguza chote, na pamoja nacho ukaondoka mkono wa bibi harusi uliokuwa umekaa juu yake. Picha ile ilitundikwa sebuleni hivyo hivyo, na wageni waliambiwa kwamba bibi harusi alikuwa akijikuna mgongoni.

Na kulikuwa na ile faili.

Iliandikwa MENO. Ndani yake mlikuwa na meno ya mtu mmoja, ya juu na ya chini, yamepigwa kwa mwanga laini wa mlangoni. Yalikuwa meno ya mkewe. Enzi za uchumba, siku moja binti alimletea chakula studio, akamkuta mchumba wake shati limebanwa na mlango wa kabati, anazunguka kama mbuzi kwenye kigingi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Bosi, ambaye kamera haikumtoka shingoni, akapiga. Baadaye kidogo alikuja bibi harusi aliyeteleza kwenye ngazi asubuhi ya harusi yake akavunjika jino la mbele, akalia kwa Dokta amwokoe. Dokta akatafuta jino, akaona yale, akayakata, akayapanda mdomoni mwa yule binti. Yakakaa kama yalizaliwa pale. Ilikuwa dharura. Dharura ikazaa msaada, msaada ukazaa mazoea, na mazoea yakazaa sana. Mwenye pengo akapewa. Mwenye meno ya kahawia akapewa. Mwenye meno mazuri tu ila yamekaa vibaya kwenye kivuli, naye akapewa, ya nini kuhangaika. Mwanamke wa watu alipita sokoni akisalimiana na majirani, hajui kwamba nusu yao wameweka meno yake sebuleni, ndani ya fremu.

Mambo yangeendelea hivyo kwa raha, isipokuwa Bosi alisikia habari za programu mpya.

"Studio ya mtaa wa pili wameinunua," alisema siku moja, amesimama kwenye pazia, nusu yake chumbani, nusu yake dukani. "Unaweka picha, unabonyeza kitufe kimoja, watu wote wanatoka wazuri."

"Wote wanatoka sura moja," Dokta akajibu bila kugeuka.

"Kwani wewe unafanyaje?"

Dokta aliacha kupiga mluzi.

"Dokta, nakuheshimu," Bosi aliendelea, na mtu akianza hivyo ujue kilichobaki ni kuvunjiwa heshima. "Ila wateja wananiuliza kwa nini wanasubiri wiki kitu ambacho kwenye simu ni kufumba na kufumbua. Sasa kuna kazi imeingia. Daktari wa meno anafungua kliniki pale juu ya duka la dawa. Anataka picha kumi na mbili kubwa za kutundika chumba cha kusubiri. Watu wa hapa hapa, wakicheka. Kazi hii ikipendeza, kiti chako ni chako. Isipopendeza, nanunua kitufe, na wewe utakwenda nyumbani kupumzika."

"Sijachoka."

"Ndiyo maana nakuambia mapema."

Angekwenda wapi? Hakuna duka mjini lililobandika mlangoni kwamba linatafuta mtu wa kuondoa kipele. Nyumbani kulikuwa na cherehani ya mkewe, na cherehani ile ilikuwa na mwenyewe. Dokta alijua kufanya kitu kimoja tu duniani, kuutazama uso wa mtu mpaka uso ukubali, na kitu hicho kilikuwa kimewekwa rehani kwa picha kumi na mbili.

Wakaja kupigwa picha. Alikuja kinyozi wa kona, kijana mtanashati mwenye meno ya rangi ya chai aliyoinywa tangu azaliwe. Alikuja fundi viatu. Alikuja Mama Mkaa, muuza mkaa, mwanamke ambaye mdomo wake ulikuwa silaha hata ukiwa umefungwa. Alikuja mwalimu mstaafu wa hesabu. Wakaja na wengine, na wa mwisho akaja mama mkwe wa Dokta, mama mzazi wa mkewe, kizee mcheshi mwenye meno mawili aliyekuwa akicheka huku amejiziba kwa kiganja. Kizee huyu aliombwa na daktari wa meno mwenyewe, maana alikuwa mgonjwa wake wa kwanza, aliyemtibu kliniki ikiwa bado inanuka rangi. Bosi alipiga kelele "Mkono chini, mama!" mpaka mkono ukashuka, na kabla haujarudi, kamera ikalia.

Dokta akazipokea picha akazitazama moja moja, jasho likamtoka. Midomo ile! Akawaza kama mtu mwenye akili timamu: saluni haitundiki picha ya kipara. Duka la viatu halitundiki picha ya kandambili iliyokatika. Sasa kliniki ya meno itundike mapengo? Akafungua faili ya MENO.

Alifanya kazi kama hajawahi. Kinyozi akapewa. Mama Mkaa akapewa, na kwa mara ya kwanza akaonekana mtu wa kupendezwa kuonana naye. Ilipofika zamu ya mama mkwe, mkono ulisita. Mkwe hamkodolei mkwe macho mdomoni, sembuse kumkuza mpaka jino moja lijae kioo kizima kama mlango wa ghala. Dokta alifumba jicho moja, akageuza uso pembeni kwa adabu, akapachika meno kwa kubahatisha, akalainisha kingo, akafunga faili, akazima kompyuta, akamwomba mama mkwe radhi kwenye kioo cheusi.

Siku chache kabla ya ufunguzi, picha zilitundikwa, na waliopigwa wakaalikwa kuja kujiona. Walifika wote wamependeza. Mke wa Dokta alikuja akimshika mama yake mkono. Daktari wa meno, kijana mpole mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akaanza kupita ukutani, mikono nyuma. Akatabasamu kwa ya kwanza. Kwa ya pili akapunguza mwendo. Kwa ya tatu akarudi kwa ya kwanza. Kisha akatoa kioo chake kidogo mfukoni, ingawa hakukuwa na mdomo wa kukiingiza, akakishika tu kama mtu anayeshika rozari.

"Samahani," akamwambia Bosi. "Hawa ni ndugu?"

"Ndugu? Hapana! Watu wa mtaani tu, kila mtu na kwao."

"Mama mmoja baba mmoja?"

"Mbona unatutia aibu, Daktari?"

"Nauliza kwa sababu wote wamemeguka jino moja, la mbele, kushoto, pembeni, kwa kiasi kile kile." Akasogea picha ya mwisho. "Na huyu bibi hapa nilimwona juzi, alikuwa na meno mawili. Leo nahesabu ishirini na kitu. Mimi ni daktari, si mtu wa miujiza. Halafu tazama, mwanga unatoka kulia kwenye nyuso, ila kwenye meno unatoka kushoto. Meno yana jua lake."

Mke wa Dokta alikuwa amesimama nyuma, na ulimi wake ulikuwa ukitembea polepole mdomoni mwake mwenyewe, ukafika kwenye jino la mbele, kushoto, pembeni. Ukasimama.

"Baba watoto."

"Naam."

"Njoo hapa."

"Si nipo hapa hapa."

"Hayo meno ni ya nani?"

Dokta alitazama dari, akaona nyufa mbili angeziondoa kwa urahisi sana. "Ya… ya wenyewe."

"Wenyewe nani? Huyu si Mama Mkaa? Meno ya Mama Mkaa nayajua, nilionyeshwa siku tulipogombana. Hayo ni meno yangu!"

Basi ikawa vurugu. Mama Mkaa akasema yeye hakuomba meno ya mtu, tena ya mtu anayepunja kitambaa. Mwalimu mstaafu akavaa miwani, akazipitia zote kumi na mbili, akatangaza kwamba kimahesabu wao ni watu kumi na wawili wenye mdomo mmoja. Kinyozi peke yake ndiye aliyepinga. "Mimi sirudishi," alisema. "Nimeshaiweka kwenye simu, na kuna mtu ameshanijibu."

"Kumbe nimevaa meno ya mwanangu?" mama mkwe akauliza, kiganja mdomoni. "Mimi nilidhani ni kamera mpya."

Daktari wa meno hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Dokta zaidi. "Mzee wangu," akasema kwa upole, "hapa watakuja watu wenye maumivu na wenye aibu. Wengine wamejificha na jino bovu miaka. Nilitaka wakiinua macho waone midomo kama yao, inacheka. Mtu akiingia hapa na pengo lake akakuta haya," akaonyesha ukuta, "ataishia mlangoni. Jumamosi nafungua. Nikipata picha za watu hawa, sawa. Nisipopata, nitawapa kazi wale wa mtaa wa pili."

Bosi hakusema neno. Bosi kunyamaza ilikuwa sawa na mtu mwingine kupiga kengele ya moto.

Njiani mkewe alitembea mbele, haraka, mama yake akivutwa kama kigari.

"Ungeniomba," akasema bila kugeuka.

"Ungekubali?"

"Kwa yule bibi harusi ningekubali. Kinyozi je? Kinyozi aliyemnyoa mwanao akamwachia ramani kichwani! Na bado ukampa meno yangu akatongozee!"

Asubuhi iliyofuata Dokta alifungua upya picha zote kama zilivyotoka kwenye kamera, akaapa hatagusa kitu. Kitu chochote. Ukweli mtupu. Akaongeza mwanga kidogo, akamwita Bosi.

Bosi akatazama kinyozi. "Hii ni picha au taarifa ya polisi?"

Alikuwa na haki. Ukweli mtupu haukuwa mzuri hata kwa ukweli wenyewe. Kwenye shavu la kinyozi kulikuwa na chunusi iliyoota usiku wa kuamkia siku ya picha, kana kwamba nayo ilialikwa. Pazia la kijani la studio lilikuwa limemmwagia Mama Mkaa rangi shingoni, anaonekana amelazwa. Jasho la taa liling'aa kwenye paji la mwalimu kama sahani. Kamera ilikuwa imeona vitu ambavyo mtu aliyeketi mbele yao, akizungumza nao, asingeviona kabisa. Dokta akaweka kalamu chini. Akigusa, ni mwongo. Asipogusa, ni mwongo vilevile, ila mwenye roho mbaya. Alibaki ameshika kichwa, akiiona ile programu ya kitufe kimoja inakikaribia kiti chake.

Pazia likafunguka. Mkewe akaingia na kigoda, akakiweka nyuma ya mumewe, akaketi.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kulinda mali yangu. Endelea."

"Siwezi kuendelea. Sijui niguse nini."

Mkewe alivuta kigoda karibu, akanyoosha kidole hadi kwenye kioo, kitu ambacho Dokta hakumruhusu mtu yeyote.

"Hiki nini?"

"Chunusi."

"Wiki ijayo itakuwepo?"

"Haitakuwepo."

"Basi hata leo isiwepo. Na hili?"

"Kovu. Aliangukia jiko utotoni, ameniambia."

"Hilo atazikwa nalo. Mwachie. Na huo ukijani wa Mama Mkaa?"

"Wa pazia."

"Pazia si ndugu yake. Toa."

Dokta alimgeukia. Miaka yote ile alikuwa amejiuliza kitu kimoja tu, kipi kibaya. Hajawahi kujiuliza kipi ni cha mtu na kipi kimempitia tu, kama mvua. Akachukua kalamu. Akaua chunusi. Akafuta ukijani. Akashusha mng'ao wa jasho pajini mwa mwalimu mpaka ukabaki mng'ao wa mtu aliyefikiri sana. Makunyanzi ya pembeni mwa macho hakuyagusa, ila alipunguza kivuli kilichoyachimba, yakabaki kuwa ya kicheko. Kwenye meno ya kinyozi aliondoa tu ile rangi ya taa, chai akaiacha.

"Meno yake yamekuwa masafi kidogo," mkewe akasema kwa kushuku.

"Ni mwanga tu. Sijapaka."

"Nakuangalia."

Walifika kwa fundi viatu. Kati ya meno yake mawili ya mbele kulikuwa na kitundu cha mviringo, kama kimetobolewa. Dokta alikuza, akashangaa. Kisha wote wawili wakajua kwa pamoja, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamemwona kibandani kwake, misumari midogo ameibana mdomoni, anachomoa mmoja mmoja anapigilia soli. Misumari ilikuwa imejitengenezea nyumba.

"Nami nilikiziba," Dokta akasema taratibu.

"Ulimfukuza kazini," mkewe akasema.

Ikabaki ya mama mkwe. Dokta akaifungua, papo hapo akainamisha kichwa akatazama vidole vyake vya miguu.

"Sasa unafanya nini?"

"Ni mama yako. Kuza wewe, niambie unachoona."

"Wewe mwanamume! Meno ya kumpa umempa, kumtazama ndiyo unaona haya?" Lakini alichukua kalamu, akakuza kwa mkono usiozoea, picha ikaruka hadi sikioni, ikarudi, ikatua mdomoni. "Hili la juu lina mfereji," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni uzi. Alikata uzi kwa jino hili maisha yake yote. Mkasi ulikuwepo pale pale mezani, anakata kwa jino. Ndivyo alivyotusomesha, nguo moja baada ya nyingine." Akajifuta pua kwa kiganja. "Halafu ananigombeza mimi nikifanya hivyo."

Dokta akainua macho. Akatazama. Adabu ilimruhusu kwa sababu sasa alikuwa anatazama kazi. Akachota mwanga kidogo, mdogo kuliko unaotosha, akaudondosha kwenye ukingo wa ule mfereji, ili mtu aliyesimama mbali auone bila kuambiwa. Hakufanya kingine.

Bosi alipoletewa picha alizitazama muda mrefu. "Umemaliza au umekata tamaa?"

"Nimemaliza."

"Tutaona Jumamosi," akasema, na hakuonekana mtu aliyetupa namba ya simu ya wauza programu.

Jumamosi chumba cha kusubiri kilijaa. Walikuja waliopigwa, wakaja jamaa zao, wakaja wasiohusika, ambao huwa ndio wengi na ndio wanaowahi viti. Dokta alisimama kwenye kona karibu na mtungi wa maji, roho mkononi.

Kinyozi ndiye aliyefoka kwanza. "Mbona mimi meno ya kahawia?"

"Kwa sababu ni ya kahawia," Mama Mkaa akamwambia. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya picha yake, mikono kiunoni, amebinua midomo kama anatafuta la kushtaki. Akalikosa. "Mimi hapa," akasema hatimaye, "nikimwambia mtu alipe, atalipa."

Kinyozi alikuwa bado ananung'unika, mpaka simu yake ikalia. Kumbe huku akinung'unika, kwa kuona aibu ya ule uongo wa kwanza, alikuwa ameipiga ile mpya kwa simu akamtumia pia yule aliyemjibu. Akasoma. Akasoma tena. "Anasema huyu ndiye anayependeza," akasema kwa mshangao. "Anasema yule wa kwanza alifanana na shangazi yake."

Mama mkwe aliongozwa mpaka mbele ya picha yake. Watu wakampisha. Kiganja kilikuwa mdomoni, kama siku zote. Kizee akatazama. Akasogea, akarudi, akainamisha kichwa kama anayejaribu kumtambua mtu dirishani. Kisha kiganja kikashuka, akacheka kwa sauti, mdomo wazi, meno mawili hadharani.

"Hii!" akawaambia watoto na wajukuu. "Nikifa mnaweka hii juu ya jeneza. Mmesikia? Ile nyingine msithubutu. Nitafika huko wakague, waseme huyu bibi si wa kwenye picha, rudi ulikotoka. Na mimi kurudi sitaki, ngazi za hapa zimeniua."

Kelele zilipotulia, mtu mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, shavu limevimba kama ameficha embe, kofia imeshushwa hadi puani, aliingia hatua moja. Alikuwa dereva wa lori la maji, mtu anayejulikana kwa ubabe. Akamtazama fundi viatu wa ukutani, kile kitundu chake, kicheko chake. Akatazama kiti kilichokuwa wazi chini ya picha ile. Akaketi. Akavua kofia tu, akaiweka gotini, kama mtu anayesubiri zamu yake.

Daktari wa meno alimwona. Akamtazama Dokta kwa mbali, akainamisha kichwa kidogo, kama wanavyofanya watu wa taaluma moja.

Bosi naye aliona, na Bosi hajawahi kuiona furaha akaiacha bila kuipigia kelele. Alipanda juu ya benchi, benchi likaguna.

"Ndugu zangu!" akatangaza, na watu waliokuwa duka la dawa chini nao wakanyamaza. "Mnaziona sura zenu? Huyu aliyejibanza pale kwenye maji ndiye aliyezirudisha! Bingwa wa mwanga! Mlezi wa nyuso! Mtu ambaye hakuna kitufe duniani kitakachomrithi! Natangaza mbele yenu kwamba programu sinunui, leo wala kesho, na kazi ni yake mpaka atakapoichoka mwenyewe!" Makofi yakapigwa. "Sasa, Dokta, usione haya, waambie watu. Ni ujuzi gani huo mkubwa, ni siri gani ya fani, uliyoitumia mpaka picha zikapumua?"

Wote wakamgeukia. Dokta alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Niliacha mapema," akasema. "Njaa ilikuwa inaniuma."